Kutazama na Kuona: Picha, Watazamaji na Mjadala wa Umma katika Historia ya Kongo ya Mashariki

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili kitenzi "kuona" kina kazi mbili. Mtu husema ameona mlima, akiwa na maana kwamba macho yake yameufikia. Tena husema anaona jambo fulani si haki, akiwa na maana kwamba hiyo ndiyo hukumu yake. Kitenzi "kutazama" hakina kazi hiyo ya pili. Anayetazama huelekeza macho. Anayeona huwa tayari amekwisha kuamua. Tofauti hii yafaa kuwekwa mbele kila inapozungumzwa historia ya picha, kwa sababu picha moja hutazamwa na watu wengi, lakini kila kundi huona lake, na mara nyingi mjadala wa umma hufuata kile kilichoonwa kuliko kile kilichopigwa.

Makala haya yanachunguza jinsi mwitikio wa watazamaji wa picha ulivyoelekeza mjadala kuhusu Kongo katika nyakati nne: 1904, 1994, 1996 na 2004. Kitovu chake ni ufuo wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, yaani mji wa Uvira, bonde la Ruzizi na milima ya Mulenge na Itombwe iliyo magharibi yake. Hapo ndipo vilipoanzia vita vya 1996, na hapo ndipo walipoanza safari watu ambao, baada ya wiki chache, kuwapo kwao duniani kulibishaniwa kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka angani.

Hoja inayotetewa ni kwamba picha haimalizi ubishi. Huuanzisha, au huupa umbo jipya. Kinachoamua ubishi huo utaelekea wapi ni iwapo karibu na picha yupo shahidi anayeweza kusema aliyepigwa ni nani, ametoka wapi na limempata nini. Pale shahidi alipokuwapo, picha iliwatikisa wenye nguvu. Pale alipozuiliwa, picha hiyohiyo ilikuwa mali ya yule mwenye cheo cha kuifasiri.

2.0 Baringa, 1904: picha na vijiti

Baringa iko katika bonde la mto Kongo, mbali sana na Uvira. Hata hivyo sehemu zote mbili zilikuwa wakati huo chini ya utawala mmoja, Dola Huru ya Kongo, iliyomilikiwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Aidha, ubishi uliozuka kutokana na picha za Baringa ndio wa kwanza mkubwa wa aina yake katika historia ya nchi hiyo, na hapana budi kuuanzia huo.

Tarehe 14 Mei 1904 mtu aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika katika misheni ya Baringa akiwa na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wenye silaha wa kampuni ya ABIR baada ya kijiji kushindwa kutimiza kiasi cha mpira kilichodaiwa. Alice Seeley Harris, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa na kamera, alimwomba Nsala akae barazani, akampiga picha akiwa anavitazama viungo hivyo vilivyowekwa mbele yake.

Picha hiyo na nyingine za vijana waliokatwa mikono zilipelekwa Uingereza, ambako mwaka huohuo E. D. Morel alikuwa ameanzisha Chama cha Mageuzi ya Kongo, na ambako ripoti ya balozi Roger Casement ilikuwa imekwisha kuchapishwa. Ripoti ilisomwa na wabunge na waandishi. Picha zilifika kwa watu ambao wasingesoma ripoti. Alice Harris na mumewe John walizunguka Uingereza na Marekani wakizionyesha ukutani kwa taa maalumu katika makanisa na kumbi za miji. Hadhira ilikaa gizani, ikaelezwa jina la kila aliyeonekana, kisha ikachangia fedha na kutia sahihi maombi kwa serikali. Mwaka 1905 Mark Twain alichapisha kijitabu cha kejeli ambamo Leopold wa kubuni analalamika kwamba kamera ndiyo shahidi pekee ambaye hakuweza kumhonga.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba picha zilikubaliwa bila kupingwa. Watetezi wa Dola Huru walizitazama na kuona jambo jingine. Kuhusu kijana aitwaye Epondo, ambaye Casement alikuwa ameandika habari za mkono wake uliokatika, walisema kwamba aling'atwa na nguruwe mwitu, na wakapata maelezo ya kijana mwenyewe ya kuthibitisha hivyo. Ni dhahiri kwamba picha peke yake isingeweza kujibu hoja hiyo. Mkono uliokatika hausemi umekatwa na nini.

Jibu lilitoka kwa mashahidi. Tume ya uchunguzi, ambayo Leopold mwenyewe alilazimika kuiteua, ilifika Baringa na kuwasikiliza wenyeji. Mmoja wao, Lontulu, mtawala wa Bolima, aliweka mbele ya makamishna vijiti 110, kimoja kwa kila mtu wake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Vilikuwa vya urefu mbalimbali, kwa kadiri ya watu waliowakilishwa: wenye vyeo, wanaume, wanawake, watoto. Ripoti ya tume, iliyotolewa mwishoni mwa 1905, ilikiri maovu mengi, na mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo.

Hata ushindi huo una upande wake wa giza. Maneno ya Lontulu na wenzake hayakuchapishwa. Yalifungiwa katika hifadhi kwa miongo mingi. Na nchi iliponyang'anywa mfalme haikukabidhiwa kwa akina Nsala. Ilikabidhiwa kwa serikali ya Ubelgiji. Watazamaji wa London na Boston waliona mateso, wakaona pia kwamba wa kuyaondoa ni Mzungu mwema badala ya Mzungu mwovu. Hukumu hiyo haikuwamo katika picha. Waliingia nayo ukumbini.

3.0 Goma, 1994: umati usio na majina

Miaka 90 baadaye kamera zilikuwa nyingi na picha zilisafiri kwa setilaiti. Kati ya Aprili na Julai 1994 Watutsi wa Rwanda, pamoja na Wahutu waliopinga mauaji, waliuawa kwa mamia ya maelfu. Wapiga picha walioweza kufanya kazi ndani ya nchi hiyo wakati mauaji yakiendelea walikuwa wachache. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kulipunguza jeshi lake lililokuwa Rwanda likabaki na watu 270 tu.

Katikati ya Julai hali iligeuka. Serikali iliyoendesha mauaji ya kimbari ilishindwa vitani, ikakimbia pamoja na watu karibu milioni moja, ambao waliingia Goma kwa siku chache. Kipindupindu na kuhara damu viliwaua watu wanaokadiriwa kufikia 50,000. Safari hii kamera zilikuwapo. Picha za maiti zilizoviringishwa mikeka kando ya barabara zilienea ulimwenguni kote, na mwitikio ulikuwa mkubwa na wa haraka. Fedha zilichangwa, ndege za misaada zikatua, na wanajeshi wa Marekani wakaletwa kusafisha maji.

Huruma hiyo ilikuwa ya haki kwa watoto waliokufa kwa kiu. Lakini katika picha za umati hakuna njia ya kumtambua aliyekimbia kwa hofu na aliyekimbia damu ikiwa mikononi mwake. Watazamaji wengi, waliokuwa wamesikia kwamba nchini Rwanda kumetokea mauaji makubwa, walidhani kwamba wanaowatazama ndio walionusurika mauaji hayo. Kumbe miongoni mwao walikuwamo askari na wanamgambo walioyatekeleza, na punde si punde hao ndio walioshika uongozi wa kambi na ugawaji wa chakula. Baadhi ya mashirika yalipotambua hilo yaliondoka. Tawi la Ufaransa la Médecins Sans Frontières lilijitoa kambini mwishoni mwa mwaka huo.

Kinyume na Nsala, watu wa Goma walipigwa picha bila majina. Umma uliona "wakimbizi", neno ambalo kwa Kiswahili lina maana ya watu waliokimbia tu, bila kueleza wamekimbia nini. Mwaka 1994 neno hilo liliwakinga wenye hatia nyuma ya wasio na hatia. Mwaka 1996 lingewaponza wasio na hatia kwa ajili ya wenye hatia.

4.0 Kutoka Uvira hadi Tingi-Tingi, 1996–1997: watu kama nukta

4.1 Mahali pasipo na kamera

Mwaka 1996 bonde la Ruzizi na viunga vya Uvira vilikuwa na wakimbizi zaidi ya 200,000, wengi wao Warundi waliokimbia vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993, pamoja na Wanyarwanda wa 1994. Juu milimani waliishi Banyamulenge, wafugaji wa asili ya Kitutsi, ambao uraia wao ulikuwa umepingwa kwa miaka mingi na baadhi ya wanasiasa wa Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo. Mnamo Septemba 1996 Banyamulenge waliuawa kwa makundi katika maeneo ya Fizi, na mwanzoni mwa Oktoba naibu gavana wa Kivu Kusini aliwatangazia kwamba waondoke nchini kwa muda wa siku chache. Tarehe 6 Oktoba hospitali ya Lemera ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Kabla ya mwisho wa mwezi huo Uvira ilikuwa mikononi mwa waasi wa AFDL walioungwa mkono na jeshi la Rwanda, na kambi za bonde la Ruzizi zilikuwa tupu.

Matukio hayo yote yalipita karibu bila picha. Waandishi wa habari wa kigeni walikusanyika kaskazini, Goma na Gisenyi, ambako palikuwa na uwanja wa ndege na mpaka wa kupigia picha. Hivyo Munyamulenge aliyeuawa Baraka na mkimbizi aliyeuawa bondeni walikuwa na jambo moja la kufanana: hakuna aliyewatazama. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Usemi huo, ambao kwa kawaida hutumiwa kuhusu mgawo wa chakula au urithi, uligeuka kuwa kanuni ya siasa ya kimataifa.

4.2 Siku za Novemba

Tarehe 15 Novemba 1996 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1080, lililoruhusu jeshi la mataifa mbalimbali, chini ya uongozi wa Kanada na Jenerali Maurice Baril, kwenda mashariki ya Zaire kusaidia kufikisha chakula na kuwarudisha wakimbizi kwao. Siku hiyohiyo kambi kubwa ya Mugunga, karibu na Goma, ilikuwa imevunjika, na watu walikuwa wakimiminika kurudi Rwanda. Katika muda wa siku chache zaidi ya nusu milioni walivuka mpaka.

Kamera za Gisenyi zilionyesha mto wa watu usiokatika, na watazamaji wakaona kwamba tatizo limekwisha. Ikiwa barabara imejaa, nani tena amebaki msituni? Serikali ya Rwanda ilishikilia kwamba karibu wote wamerudi na jeshi la kimataifa halihitajiki. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitoa hesabu tofauti. Kambi zote za Kivu, kutoka Goma hadi Uvira, zilikuwa na watu zaidi ya milioni moja. Wakiondolewa waliorudi, wamebaki mamia ya maelfu ambao hawajulikani walipo.

Ndipo zikaletwa picha za angani. Ndege za Marekani na za Uingereza, zikiruka kutoka Entebbe, zilipita juu ya misitu na barabara za Kivu zikipiga picha. Katika picha kama hizo mtu si sura. Ni nukta, au kivuli, au moshi wa jiko kando ya njia. Wingu likitanda au mti ukitanda, nukta hutoweka. Hapo hapana mtazamaji wa kawaida anayeweza kuona chochote bila kuelezwa. Yapasa awepo mfasiri, na mfasiri huyo alikuwa ofisa wa jeshi.

Tafsiri ziligongana. Shirika la Oxfam la Uingereza lilieleza kwamba tarehe 20 Novemba lilionyeshwa picha zilizothibitisha kuwapo kwa watu zaidi ya 500,000, katika makundi makubwa matatu na madogo mengi. Siku chache baadaye, mjini Kigali, maofisa wa jeshi la Marekani waliwaambia waandishi kwamba wameona kundi moja tu kubwa, na kwamba kwa dalili za mwendo wake yaelekea ni askari wa zamani wa Rwanda na wanamgambo. Oxfam ililalamika kwamba watu wapatao 400,000 wamefutwa katika historia kana kwamba wamefutwa kwenye picha.

Yafaa kuzingatia kilichobadilika katika mjadala wenyewe. Swali la mwanzo lilikuwa la wajibu: nani atawapelekea watu hawa chakula? Picha za angani ziliugeuza kuwa swali la hesabu: je, wapo wangapi, na wapo kweli? Alimradi hesabu ilibishaniwa, wajibu uliahirishwa. Tena watu walioonekana walipewa jina la wapiganaji kwa kuangalia mwendo wao kutoka juu, ilhali katika makundi hayo walikuwamo wanawake, wazee na watoto. Mnamo Desemba Kanada ilitangaza mwisho wa mpango huo, na lile jeshi halikwenda.

4.3 Waliokuwapo

Wakati ubishi ukiendelea, nukta zile zilikuwa zikitembea kuelekea magharibi. Mwishoni mwa Desemba 1996 watu zaidi ya 100,000 walitokeza Tingi-Tingi, kwenye barabara ya kwenda Kisangani, baada ya kupita katika misitu mamia ya kilomita kwa miguu. Emma Bonino, kamishna wa Umoja wa Ulaya aliyehusika na misaada, alifika huko mwanzoni mwa 1997 na kusisitiza mbele ya waandishi kwamba wakimbizi waliosemwa hawapo, wapo. Wapiga picha waliweza tena kukaribia nyuso. Lakini mwitikio ulikuwa dhaifu, kwa sababu umma ulikuwa umekwisha kuona kwamba habari hiyo imefungwa mnamo Novemba. Takriban tarehe 1 Machi kambi ya Tingi-Tingi nayo ilitekwa, na mbio zikaanza upya.

Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wa 1997–1998 ulizuiliwa mara kwa mara na serikali mpya ya Kinshasa. Ripoti kubwa ilitoka tarehe 1 Oktoba 2010. Iliorodhesha matukio 617 ya ukatili yaliyotokea Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, yakiwamo mauaji ya Banyamulenge mwaka 1996 na mauaji ya wakimbizi wa Kihutu kuanzia bonde la Ruzizi hadi Mbandaka. Ilisema kwamba baadhi ya mashambulizi dhidi ya wakimbizi hao, yakithibitishwa mbele ya mahakama yenye mamlaka, yangeweza kuhesabiwa kuwa mauaji ya kimbari. Rwanda iliyakataa maelezo hayo kwa ukali. Jambo la kutiliwa mkazo hapa ni kwamba ripoti hiyo ilijengwa juu ya nyaraka na maelfu ya maneno ya mashahidi. Yaliyoshindwa kuonwa kutoka angani yalisimuliwa na waliokuwa chini ya miti.

5.0 Gatumba, 2004: picha zilizo jirani

Tukio la nne lilitokea umbali mfupi kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 kambi ya muda ya Gatumba, nchini Burundi, ilishambuliwa, na wakimbizi wa Kikongo zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge waliokimbia Kivu Kusini miezi miwili kabla, waliuawa. Kundi la waasi wa Kirundi la FNL lilidai kuhusika.

Picha za mahema yaliyoungua na za majeneza yaliyopangwa kwa safu zilienea katika nchi za Maziwa Makuu. Waliozitazama hawakuwa hadhira ya mbali, bali majirani, na kila mmoja alikuwa na maiti wake wa kukumbuka. Banyamulenge waliona ushahidi kwamba wanauawa kwa sababu ya walivyozaliwa. Wakongo wengine waliona hatari ya msiba huo kutumiwa kuhalalisha vita vipya, nao walikuwa wamezika ndugu zao katika vita vya 1996 na 1998. Chama cha RCD-Goma, cha Makamu wa Rais Azarias Ruberwa, kilisimamisha kwa muda ushiriki wake katika serikali ya mpito. Majeneza yaliyokuwa ya kuzikwa yaligeuka kuwa hoja katika mabishano ya Kinshasa.

Hata hivyo, kuna jambo lililoitofautisha Gatumba na Goma. Manusura walikataa kuwaacha wafu wao wawe umati. Kila mwaka ifikapo tarehe 13 Agosti, Marekani na kwingineko walikohamia, hukusanyika kuwakumbuka marehemu kwa majina yao, na kudai haki ambayo mahakama hazijaitoa. Kwao picha na jina havitengani, kama vile Nsala asivyotengana na Boali.

6.0 Hitimisho

Vipindi hivi vinne vinaonyesha kwamba nguvu ya picha haikui kwa kadiri chombo cha kuipigia kinavyoboreka. Kamera ya Baringa ilikuwa duni kuliko zile za ndege za Entebbe, lakini ya kwanza ilisimama hatua chache kutoka kwa baba aliyejulikana jina, na nyuma yake walikuwapo watu wenye vijiti vya kuhesabia wafu wao. Za pili ziliona eneo kubwa sana, na hazikuwa na wa kuulizwa.

Vilevile vinaonyesha kwamba huruma ya mtazamaji si ukweli kamili. Mwaka 1904 ilimwondoa dhalimu mmoja bila kuwauliza waliodhulumiwa wanataka nini. Mwaka 1994 iliwalisha wenye njaa pamoja na wauaji. Mwaka 1996 ilitoshelezwa na picha za wanaorudi, ikawasahau wanaokimbia. Kwa mwanahistoria, basi, kuhoji picha imepigwa na nani hakutoshi. Yapasa kuhoji pia imetazamwa na nani, wapi, akiwa ameambiwa nini, na ni nani aliyenyimwa nafasi ya kusema karibu nayo.

Katika bonde la Ruzizi na juu Mulenge wangali wapo wanaokumbuka Oktoba 1996, wa kila kabila, na umri wao unasonga. Maneno yao bado hayajaandikwa ya kutosha, hasa katika Kiswahili, lugha ambayo wengi wao wangependa kuyasemea. Kazi ya kuyakusanya ni ya vyuo vya eneo hili. Picha zilizopo zitasubiri katika hifadhi. Wenye kuzieleza hawawezi kusubiri.